Kwaresima Niliyosifiwa

Mwaka ule watu wa kigango changu walisema hawajawahi kuona katekista anayefunga kama mimi. Nilikuwa sili. Walisema hawajaona mtu wa kukesha kama mimi. Nilikuwa silali. Nilipoanza kugawa vitu vyangu waliniombea baraka, na wengine walitokwa machozi. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba naumwa, na mimi niliyejua sikusema.

Sasa nimezeeka, na namshukuru Mungu kwamba nimezeeka, kwa maana kulikuwa na majuma ambayo sikutaka kuifikia hata Pasaka. Haya yalitokea katika miaka ya tisini, kabla simu za mkononi hazijafika Mpanda. Nayaandika kwa ajili ya mtu aliyeko leo mahali nilipokuwa mimi, na zaidi kwa ajili ya wale wanaokaa naye nyumba moja na kudhani wanamwona.

Ilianza kiangazi, baada ya kuvuna. Watu huniuliza chanzo, nami sina cha kuwajibu. Sikuwa nimefiwa. Sikuwa nimegombana na mtu. Asubuhi moja niliketi ukingoni mwa kitanda ili nivae viatu niende shamba. Nilivaa kimoja, cha pili kikanishinda. Mguu haukuuma, wala mkono. Nilikuwa nakitazama tu kile kiatu. Mke wangu Veronika aliingia akanikuta hivyo.

"Baba Siksti, unasubiri nini?"

"Nakuja," nikamwambia. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya paa nilipotoka.

Kuanzia hapo mwili ulianza kunitoka polepole. Chakula kilikuwa kama udongo mdomoni. Nilitoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali kwa msumari wa moto, kisha la pili, kisha la tatu. Usingizi ulikuja jioni nikiwa nimeketi, na nikilala tu ulikimbia. Nikishika kitabu cha ibada mbele ya watu, kurasa zilitetemeka mpaka nikawa nakilaza juu ya meza. Na kifuani palikuwa na uzito, kama vile mtu amekaa hapo na hana haraka ya kuondoka.

Zahanati walinipa dawa ya malaria mara tatu. Baadaye nikaenda hospitali ya mjini, na huko nililijua benchi. Ukikaa kwenye benchi la wagonjwa tangu asubuhi mpaka saa nane, unajifunza kwamba kila mtu ana kitu cha kuonyesha: huyu ana mguu, yule ana mtoto mwenye joto, mwingine ana kikohozi kinachomtangulia mlangoni. Mimi sikuwa na kitu. Mama mmoja aliyekuwa amejifunga kitenge kichwani alinitambua, maana alishawahi kuleta mtoto abatizwe kigangoni kwangu.

"Nyie wa kanisani nanyi mnaumwa?" akaniuliza.

"Tunaumwa, mama."

"Basi sisi tumekwisha," akasema, na benchi zima likacheka.

Nilipoitwa ndani, mganga alisoma karatasi zangu akanitazama kwa furaha. Damu safi, mkojo safi, kifua safi. "Mzee, wewe ni mzima kabisa," akasema. Nilirudi nyumbani na uzima wangu wa kwenye karatasi. Usiku ule nilitamani wangekuta hata minyoo.

Wa kwanza kunishika mkono ni Bruda Anselmi, mtawa aliyesimamia karakana ya parokia pale mjini. Ni mtu wa kutengeneza vitu, na nadhani alinitazama kama anavyotazama pampu iliyoacha kuvuta maji. Hakuniuliza habari za sala zangu. Alinikatia tiketi ya treni akanipeleka Tabora, kwenye hospitali yenye daktari wa magonjwa ya akili. Nilikaa huko wiki tatu. Daktari alinipa vidonge, akaniambia vidonge ni nusu ya dawa, na nusu ya pili ni kuzungumza kila wiki na muuguzi wake, Bi Tausi. Bi Tausi nilikutana naye siku ya kuondoka tu. Nilikuwa bado siwezi kuinua uso mbele ya watu, kwa hiyo nilichokiona ni ndala zake za bluu na pindo la baibui.

"Nitakupataje mzee wangu, na mvua hizo zinakuja?" aliuliza.

Alikuwa sahihi kuuliza. Masika yakikolea, reli yetu husombwa na maji, na treni huwa ya kubahatisha. Ndipo Bruda alipokumbuka redio ya upepo.

Kwa wasioijua, redio ya upepo ilikuwa sanduku la chuma juu ya meza ya Bruda, lenye kipaza sauti cha kushika mkononi na waya mrefu uliopanda mpaka kileleni mwa mnara wa kengele. Ilikula betri ya gari. Vituo vyote vya misheni, kuanzia ziwani mpaka Inyonga mpaka Tabora, vilikuwa kwenye njia moja ya hewa, na kila kituo kilikuwa na zamu yake asubuhi. Kimoja kikisema, vyote vinasikia. Ndiko tulikojulia nani amefariki, gari gani limekwama, na chanjo zimefika wapi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kliniki yangu, kila Alhamisi saa nne, kwa dakika kumi na tano.

"Ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia," Bruda alinifundisha. "Ukimaliza unasema ova, ili mwenzako ajue ni zamu yake. Si kama nyumbani kwako, hapa wawili hawawezi kusema kwa pamoja."

"Nyumbani kwangu anasema mmoja tu," nikamjibu. "Na si mimi."

Bruda alicheka. Mimi niliona kama nimesema maneno ya mtu mwingine, mtu niliyemfahamu zamani.

Alhamisi ya kwanza nilitoka kijijini kwetu, upande wa Kabungu, alfajiri kwa baiskeli. Nilifika na matope mpaka magotini. Nje ya ofisi ya Bruda kulikuwa na benchi jingine, akina mama wakisubiri zahanati ya masista ifunguliwe, na dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto la betri.

"Mpanda, Mpanda, hapa Tabora. Shikamoo mzee Gaspari, habari za asubuhi? Ova."

"Marahaba, mwanangu. Nzuri. Habari za huko? Ova."

"Za huku njema. Mmeamkaje nyumbani? Ova."

"Tumeamka salama. Watoto wako hawajambo? Ova."

"Hawajambo. Mama yetu yeye? Ova."

Kwetu kusalimiana ni kazi, tena kazi ya heshima. Humwambii mtu shida yako kabla hujamuuliza watoto, mvua, mashamba, na wazazi kama wangalipo. Na jibu ni moja. Mtu aliyefiwa usiku akiulizwa habari za asubuhi hujibu nzuri, kisha ndipo ataje msiba. Mimi niliishia kwenye nzuri. Salamu zilikula dakika kumi, na nyingine zilikwenda na mikwaruzo ya radi. Alipofika kwenye swali lake, "Na wewe mwenyewe unaendeleaje?", nilijibu, "Namshukuru Mungu, ova," na zamu yetu ikawa imekwisha.

Tulikwenda hivyo wiki baada ya wiki, tangu mahindi yalipoota mpaka yakanifika kiunoni. Bi Tausi hakuchoka. Aliuliza nimelala saa ngapi, nikasema si haba. Aliuliza kama nakula, nikasema riziki ipo. Siwezi kusema nilikuwa namdanganya tu. Nilijua nani anasikiliza. Kule Inyonga alikuwepo Fabiani, katekista mwenzangu niliyesoma naye chuoni, ambaye sauti yangu angeitambua hata kwenye ngurumo. Ziwani walikuwepo masista. Na dirishani walikuwepo akina mama. Niliwafundisha watu wale kwamba anayemtumaini Mungu hatikisiki. Ningebonyeza kitufe niwaambie nini?

Kisha ikaingia Kwaresima.

Mwanzo wa mfungo ulikuwa kama kufunguliwa mlango. Sasa niliweza kusukuma sahani kando bila Veronika kuniuliza neno. Niliweza kukaa macho usiku kucha na rozari mkononi, na anayepita nje akiona mwanga wa koroboi husema, "Katekista anatuombea." Ulimi ulikuwa umekauka kwa dawa, nao wakasema ninanyamaza kwa toba. Nilikonda mpaka kola ya shati ikawa inazunguka shingo peke yake. Watoto wa mafundisho walianza kunitazama kama wanavyotazama sanamu ya mtakatifu.

Wiki ya tatu nilianza kugawa. Koti langu la mvua nilimpa jirani. Mizinga yangu ya nyuki iliyokuwa porini niligawia wapwa zangu. Saa ya mkononi ilikwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya. Kila niliyempa alinishukuru sana, na kila shukrani ilinipita kama upepo unavyopita kwenye nyumba isiyo na milango. Padri alipokuja kigangoni kwetu alinitaja katika mahubiri yake, bila kutaja jina, lakini kila mtu aligeuka. Alisema yupo miongoni mwetu mtu ambaye Kwaresima hii ameamua kuachana na mambo ya dunia.

Padri hakujua ukweli wa maneno yake. Nilikuwa nimeshachagua siku. Nilitaka iwe baada ya Jumapili ya Matawi, ili nisiwaharibie watu maandamano yao. Namna hiyo ndiyo ugonjwa huu unavyofikiri: mtu anapanga kuwaachia wanawe kilio, na papo hapo anajali matawi.

Veronika alikuwa kimya siku hizo, na mimi sikumtazama vizuri nijue ni kimya cha namna gani. Jumatano moja, nilipompa mdogo wangu Maiko baiskeli, aliniuliza, "Na kesho utakwenda mjini na nini?"

"Kwa miguu."

"Basi tunakwenda wote."

"Utachoka."

"Nimeshachoka," akasema. Akafunga kitenge, akabeba chupa ya uji ambao alijua sitaunywa, tukaondoka mchana ule ule. Tulilala Makanyagio, pembeni mwa mji, kwa dada yake, na asubuhi tukapanda parokiani. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilifika mbele ya redio nikiwa nahema kama mbuzi aliyekimbizwa, na saa nne ilikuwa imeshapita.

"Mpanda, hapa Tabora," alisema Bi Tausi. "Mzee Gaspari, leo tusisalimiane. Nasikia unahema. Umetoka kukimbia? Ova."

Nilikasirika. Maishani mwangu hakuna aliyewahi kuninyima salamu, sembuse binti wa umri wa wanangu. "Nimetembea, ova."

"Kutoka wapi? Ova."

"Kutoka nyumbani. Ova."

"Wewe una baiskeli. Wiki jana uliniambia mnyororo unakusumbua. Iko wapi? Ova."

"Nimempa mdogo wangu. Ni Kwaresima, ova."

Mikwaruzo ilipita. "Umemwazima au umempa moja kwa moja? Ova."

"Nimempa. Ova."

"Sasa kliniki ya wiki ijayo utakujaje? Ova."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya usingizi na chakula, si kwa swali la baiskeli. Watu wote walioniona wakati ule waliona uso mtakatifu. Yeye hakuwa na uso wa kuona. Alikuwa na pumzi zangu tu, na baiskeli isiyokuwepo.

"Kitu gani kingine umetoa, mzee? Ova."

Nilianza kutaja: koti, mizinga, saa. Nilisikia sauti yangu ikivitaja kwa utaratibu kama ninayesoma majina ya wachumba kanisani. Nilipoishia, Veronika alininyang'anya kipaza sauti. Hakuwahi kukishika kabla ya siku ile. Alikibonyeza kwa vidole gumba viwili.

"Ametoa na madaftari yake ya mafundisho," akasema. "Amempa mwalimu wa kwaya. Miaka ishirini anayaandika yale, hata mimi haniruhusu kuyafuta vumbi. Nikamuuliza utafundishia nini, akaniambia baada ya Matawi hatayahitaji. Mwanangu, mimi sikusoma, lakini mtu anayesafiri namjua. Huyu anafungasha. Watu wananipongeza nina mume mtakatifu na mimi nalala na khanga yangu nimeifunga kwenye mkono wake ili akiamka nijue."

Sikuwa najua habari za khanga. Nilidhani ni kujigeuza kwake tu usingizini.

Akaendelea kubonyeza, akisubiri jibu, na jibu halikuweza kuja kwa sababu vidole vyake vilikuwa bado pale. Bruda alisogea akaviondoa taratibu, kimoja kimoja.

"...mrudishie mzee," sauti ya Bi Tausi ikaingia katikati. "Mama, asante, mrudishie mzee. Mzee Gaspari, nakuuliza jambo moja, na naomba usinitajie Mungu kwanza. Tutamtaja baadaye, mimi na wewe. Je, unataka kufa? Ova."

Nje, akina mama wa kwenye benchi walikuwa wakizungumza juu ya bei ya dagaa. Wakaacha. Nilisikia mvua ikipiga bati, na ndani ya sanduku ule mvumo wa hewa tupu ambao si ukimya, kwa sababu unajua upande wa pili wapo watu. Ziwani walikuwepo. Inyonga walikuwepo. Bruda alikuwa ametazama sakafu. Nilijua kwamba nikisema hapana, nitaagwa mpaka Alhamisi ijayo na kwenda zangu, na hakuna mtu duniani ambaye angeniuliza tena kabla ya Matawi. Nilijua pia kwamba nikisema ndiyo, siwezi tena kusimama mbele ya watoto wa mafundisho nikawa yule yule. Nilitafuta neno la katikati. Katika lugha zote mbili nilizonazo, Kibende na Kiswahili, sikulipata.

Nikabonyeza. "Ndiyo," nikasema.

Nikakaa hivyo, kidole kimebana. Bruda akaninong'oneza, "Maliza, mzee."

"Ova."

"Asante," akasema Bi Tausi. Sauti yake ilikuwa ile ile, haikupanda wala kushuka. "Asante kwa kuniambia."

Nilikuwa nimeshukuriwa kwa mengi msimu ule. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuniingia. Nililia kwa namna ambayo sikujua kama mwili mkavu vile una maji hayo, na Veronika akanikumbatia kichwa tumboni mwake mbele ya Bruda, jambo ambalo hatukuwa tumewahi kulifanya mbele ya mtu yeyote.

Dakika zetu zilikuwa zimekwisha. Zamu ilikuwa ya ziwani, na niliisikia sauti ya sista ikiingia. "Tabora, hapa ziwani. Zamu yetu tumewaachia. Endeleeni. Ova." Kisha ikaingia nyingine, nzito, niliyoijua tangu chuoni. "Na Inyonga tumewaachia. Gaspari, wewe kaa hapo hapo. Usitoke. Ova."

Tulizungumza saa nzima asubuhi ile. Bi Tausi alitoa maagizo kama mtu anayepanga msiba ambao umeahirishwa. Nisibaki peke yangu, mchana wala usiku, hata chooni mtu akae karibu aimbe, nijue yupo. Nisirudi kijijini mpaka aseme yeye. Waliopewa vitu wavirudishe, hata kama wanaona aibu, hata kama mimi nakataa. Treni ilikuwa haipiti, kwa hiyo dawa nyingine, aliyoichagua daktari, ingekuja na gari lolote litakaloweza kuvuka, na mpaka hapo tungezungumza kila asubuhi badala ya kila Alhamisi. Mwisho akasema, "Sasa tumtaje Mungu." Tukasali, yeye kwa namna yake na mimi kwa yangu, na Bruda akawa anabonyeza na kuachia kitufe kwa ajili yetu wote wawili.

Juma Kuu lote nililala kwenye chumba cha wageni cha parokia, na Veronika kwenye mkeka mlangoni. Siku ya Matawi nilisikia watu wakiimba wakizunguka kanisa, nami nilikuwa kitandani nikitazama dari. Siku ilipita. Sikuwa na furaha kwamba imepita. Naliandika hili kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba ukishasema unapona. Mimi nilisema, kisha nikaendelea kuumwa kwa miezi mingi. Tofauti ni kwamba sikuwa naumwa peke yangu.

Na kuumwa hadharani kuna gharama yake. Mwanangu Siksti, aliyekuwa mwalimu, alikuja Jumatatu ya Pasaka na sura ya mawingu. Habari ilikuwa imemfikia shuleni kwao kabla ya barua ya mama yake.

"Baba, mmetangaza ukoo mzima hewani," akasema.

"Ungependa utangaziwe nini?" Veronika akamjibu kabla sijafungua mdomo. "Tanzia?"

Siksti alitoka nje akakaa chini ya mnara kwa muda mrefu. Aliporudi alinikata kucha, za mikono na za miguu. Zilikuwa zimekuwa ndefu, na hakuna aliyekuwa ameziona.

Kigangoni walikuwepo waliosema mtu aliyetamka neno lile asiguse tena kitabu cha ibada. Walikuwepo waliosema nimerogwa, wakataja na jina la aliyeniroga. Maiko alirudisha baiskeli usiku, akaiegemeza ukutani na kuondoka bila kugonga. Jirani alirudisha koti likiwa limefuliwa. Mzinga mmoja haukurudi, na mpwa wangu mpaka leo ananipa asali kila msimu bila kueleza kwa nini.

Veronika naye alikuwa na hasira, na ilimtoka baadaye, tulipokuwa tumerudi nyumbani na mahindi yanakaushwa. Alikuwa anapepeta, akaacha ungo. "Mwezi mzima nakupikia, unaniambia umefunga. Nikadhani Mungu ndiye ananinyang'anya mume. Nitagombana vipi na Mungu? Kumbe ni ugonjwa." Akachukua ungo tena. "Ugonjwa naweza kugombana nao."

Dawa ya pili ilinifaa kuliko ya kwanza, ingawa ilinifanya mzito asubuhi na kuninenepesha uso. Redio tuliendelea nayo kiangazi chote, hewa ikiwa safi, sauti ya Bi Tausi ikija kana kwamba yuko chumba cha pili. Salamu tulizirudisha, lakini kwa masharti: akiniuliza habari, nijibu habari. "Mbaya, ova," nilimwambia siku moja, nikajisikia kama mtu aliyetukana. "Vizuri sana, mzee," akasema. "Mbaya vipi? Ova." Alinipa kazi ndogo ndogo: nioge kabla jua halijapanda, nitembee mpaka mtoni na kurudi, nimtajie vitu vitatu nilivyokula. Wakati mwingine nilikuwa na viwili. Ilipofika Novemba na mvua za kwanza, niligundua nimevaa viatu vyote viwili na niko nusu ya njia ya shamba, na sikukumbuka kuvivaa.

Mwaka mpya daktari alitoa agizo moja lililonitisha kuliko yote. Kwaresima inayokuja, nisifunge. Dawa zile hazitaki tumbo tupu, na mimi nisijaribu njia ile tena. Nilimwambia Bi Tausi kwamba mimi ni katekista. Akasema hata kwao, katika Ramadhani, mgonjwa hula mchana, na Mungu ndiye aliyempa ruhusa. "Ila usijifiche kula," akasema. "Ukijifichia chakula, kesho utajifichia jambo jingine. Ova."

Jumatano ya Majivu nilipakwa majivu pamoja na wenzangu, nikatangulia kurudi nyumbani. Saa saba mchana Veronika alitandika mkeka barazani, kando ya njia, akaweka ugali na maharage. Nilinawa. Watu walikuwa wanarudi kutoka kanisani makundi makundi, majivu kwenye vipaji vya nyuso. Walipunguza mwendo. Wawili watatu walisalimia wakitazama pembeni. Nilimega, nikachovya, nikala.

Mzee Lukasi, fundi wa paa, mtu asiyekosa ibada, alisimama kabisa.

"Katekista," akasema, "leo ni Majivu."

"Najua. Naumwa."

Lilikuwa neno dogo. Nilikuwa nimelisema Tabora, na hewani, na kwa padri. Kijijini kwangu, mdomoni mwangu, mchana kweupe, sikuwa nimelisema hata mara moja. Nilisubiri aendelee na safari yake. Hakuondoka. Alitazama nyuma kuona kama wenzake wamefika mbali, akashusha begi lake la vyombo vya kazi.

"Hiyo," akauliza kwa sauti ya chini, "inaanzaje?"

Nilisogea, nikamwachia nafasi kwenye mkeka.